Mikaeli Juu ya Friji

Agustino alimwona Malaika Mkuu Mikaeli kwenye televisheni ya Kondo, Jumamosi moja saa kumi jioni, amelazwa kifudifudi juu ya friji, pembeni ya chupa ya tomato sosi.

Usicheke kwanza. Mtu alikuwa na akili zake zote, hakuwa amegusa hata tone la pombe, na alikuwa amekaa vizuri kwenye kochi la watu huko Bigwa, Morogoro mjini, akinywa chai. Alikuwa ameteremka kutoka Mgeta na lori la kabichi, amempa Kondo mzigo auze sokoni, maana Kondo ndiye dalali wake, na kama kawaida angelala hapo mpaka lori lirudi mlimani kesho yake. Kondo alikuwa amenunua televisheni mwaka huo wa tisini na sita, wakati kila aliyepata nafuu kidogo alikuwa anasimika mwanzi mrefu uani na kufunga antena juu yake. Basi wakawa wanatazama mchezo wa kuigiza wa tajiri mmoja wa Dar mwenye wake wawili wasiojuana. Mke mkubwa akaenda kuchukua maji ya baridi, na hapo juu ya friji yakaonekana mabawa ya buluu yenye mstari mwekundu, nywele za njano mpaka mabegani, na mkono ulioshika upanga.

"Hebu mwambie arudi pale," Agustino alisema.

"Nani arudi?" Kondo akauliza.

"Huyo mama. Arudi kwenye friji."

Kondo akamtazama mwenzake kwa huruma. "Ndugu yangu, hiyo ni televisheni, siyo dirisha. Mama ameshakwenda zake. Kama umempenda, subiri Jumamosi ijayo, atarudi."

Agustino akainua kikombe, akakuta kitupu. Chai ilikuwa imemmwagikia kwenye suruali na hakuihisi mpaka ilipopoa.

Sasa, ili umwelewe mtu huyu, lazima turudi nyuma miaka kumi. Mwaka themanini na sita belo za mitumba zilikuwa ndiyo kwanza zinajaa masokoni, baada ya miaka ile ya kuvaa viraka juu ya viraka na kupanga foleni ya sabuni. Agustino alikwenda Dar na kabichi, akanunua koti zito la kuvaa kwenye baridi ya Mgeta. Ndani ya mfuko wa koti akakuta mtu wa plastiki, urefu wa shubiri moja, kifua cha dhahabu, mapaja wazi, mabawa mgongoni. Katikati ya mabawa kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, mkono wa upanga unashuka, tak, halafu unapanda wenyewe. Tangu Mikese mpaka Morogoro mjini, mtu mzima amekaa juu ya lori tupu, anabonyeza, tak, anacheka peke yake, anabonyeza tena. Alikuwa anampelekea mwanawe Jesca, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa na miaka sita.

Lakini mfuko wake haukufunguliwa na Jesca. Ulifunguliwa na Bibi Judith, mama wa mkewe.

Na hapa ujue jinsi watu wa milimani wanavyoishi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Agustino alitoka Matombo, ng'ambo ya mlima, akamwoa Martina, akahamia kwao Mgeta kulima matuta ya ukoo wa mkewe. Alikuwa mgeni mwenye jembe. Kila kabichi aliyovuna ilitoka kwenye udongo ambao Bibi Judith angeweza kumwambia auache kesho asubuhi, na asingekuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Mgeni wa namna hiyo hambishii mama mkwe. Hata usoni hamtazami.

Bibi Judith alimtoa yule mtu wa plastiki mfukoni, akamweka kwenye kiganja, akapiga magoti palepale mlangoni na kufanya ishara ya msalaba.

"Baba Jesca," alisema, macho yameelekea ukutani. "Ni Mikaeli?"

Agustino alitazama vidole vyake vya miguu. Alitaka kusema, hapana mama, hiki ni kidude cha mtoto. Lakini neno hapana, kutoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe, tena mama mkwe aliyepiga magoti, lilikataa kutoka. Akasema, "Ndiyo, mama." Alidhani anatoa heshima tu, kama mtu anavyosema chakula kitamu hata kama chumvi imezidi.

Kesho yake malaika alikuwa ameshonewa kanzu nyeupe, maana Bibi Judith hakupenda yale mapaja. Kile kitufe alikiona, akadhani ndipo mabawa yalipofungiwa, akakifunika vizuri kwa kitambaa. Mwezi uliofuata padri alipopanda kusalisha kwenye kigango, alikuta ndani ya kikapu cha vitu vya kubarikiwa rozari, mishumaa, picha za Bikira Maria na kichwa chenye nywele za njano kilichotokeza kwenye kanzu, akavinyunyizia vyote maji ya baraka kwa mkupuo mmoja na kwenda kula. Mwaka haujaisha, jumuiya yao yote, kaya kumi na moja, ikaitwa Jumuiya ya Mtakatifu Mikaeli. Na Agustino, mleta malaika, akapewa kiti cha mbele. Kila alipokikalia, alisikia joto la aibu likimpanda kutoka kwenye kiti hadi masikioni.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema ni kichekesho, tukanywa chai yetu. Hayakuishia hapo.

Masika ya mwaka uliofuata Jesca aliugua. Homa ilimpanda kichwani akawa hawatambui watu, na barabara ilikuwa imekatika kwa maporomoko, hakuna lori, hakuna machela ya kupita. Mchana wa siku ya tatu Bibi Judith alimchukua malaika mezani, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti mbele ya watu wote: Mungu, ukiniachia mtoto huyu nitakurudishia mwenyewe, awe sista, akutumikie wewe tu. Na alipofika kwenye neno la mwisho, upanga ukashuka. Tak. Kila aliyekuwemo chumbani alisikia. Wanawake walianguka magotini. Jioni ile Jesca akaomba uji.

Agustino alikuwa amesimama mlangoni. Aliona kidole gumba cha mama mkwe wake kilipokuwa. Alikiona waziwazi, kati ya mabawa, juu ya kitambaa. Lakini mwanawe alikuwa anakunywa uji, na yeye alikuwa analia kwa furaha, na nani angesimama saa ile akaanza habari za vitufe? Akasema atasema kesho. Kesho ikawa miaka tisa.

Basi rudi naye Bigwa, kwenye lile kochi. Jumamosi iliyofuata aliteremka tena, ingawa kabichi zilikuwa bado kidogo. Aliketi karibu na televisheni mpaka mke wa Kondo akamwambia atapofuka. Safari hii malaika alikuwa kwenye rafu ya chumba cha mtoto wa tajiri, katikati ya gari la plastiki na mpira. Alionekana kwa muda wa kupepesa macho mara tatu. Agustino alihesabu.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nani, mke mkubwa? Leo hayumo," Kondo alisema. "Wewe mwanamke wa watu atakuua."

"Yule mwenye mabawa."

Kondo akaangua kicheko. Kabla ya kuwa dalali wa mboga alikuwa anauza mitumba, na kitu kikishapita mkononi mwake hakisahau. "Ah, ule mdoli! Nilikuwa naikuta kwenye belo za nguo za watoto, miaka ileile ya themanini na tano, themanini na sita. Siku hizi hawaitengenezi tena, hao waigizaji sijui wameifukua wapi. Ina kitufe mgongoni, hiyo. Unabonyeza, inapiga. Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema Agustino.

Jumamosi ya tatu mtoto wa tajiri alimchukua malaika, akamkimbiza hewani, akambonyeza mgongo. Upanga ukashuka. Televisheni ya Kondo ilikuwa na sauti nzuri, na ile tak ilisikika mpaka uani. Kondo alimpiga Agustino begani kwa furaha ya mtu aliyesema kweli, na Agustino akaomba maji ya kunywa.

Sasa mahesabu yake yalikuwa haya. Jesca alikuwa ametimiza miaka kumi na sita. Alimaliza darasa la saba miaka miwili nyuma, na tangu hapo alikuwa anasubiri masista wampe nafasi. Barua ilikuwa imekuja: aripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi. Na Jesca hakutaka. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, lakini nyumba nzima ililijua, kama inavyojulikana mahali paa linapovuja. Alikuwa hodari wa sindano. Mitaa ya Bigwa kulikuwa na fundi cherehani, mama mmoja mpole, aliyeona vitambaa alivyodarizi akataka kumchukua amfundishe. Bibi Judith alisema kwa upole kwamba mtoto huyu ana mwenyewe.

Na mtu pekee duniani aliyejua kwamba mwenyewe huyo hakuwahi kujibu kitu alikuwa baba yake. Akifungua mdomo, mtoto anaweza kuponea hapo. Lakini yeye atakuwa mtu aliyemfanya mama mkwe wake apigie magoti mdoli kwa miaka kumi, pamoja na kaya kumi na moja. Atarudi Matombo na jembe lake begani, ana miaka arobaini na minne, aanze kuomba shamba kwa wapwa waliomsahau. Akinyamaza, atabaki na matuta yake na mke wake, na Jesca ataondoka. Alikuwa amebanwa huku na huku. Kwenye kitubio mjini aliungama kila kitu, mpaka uvivu na hasira, lakini la malaika alilipita kimyakimya kama mtu anavyokwepa dimbwi.

Jioni moja alijaribu kwa mkewe. Martina alikuwa anachambua njegere.

"Mama Jesca," alisema, "kuna jambo kuhusu huyu Mikaeli."

Martina aliacha kuchambua. Akamtazama mumewe kwa muda, na usoni mwake kulikuwa na kitu kinachofanana sana na hofu. "Usiniambie kitu ambacho nitalazimika kumwambia mama," alisema. Halafu akaendelea na njegere zake.

Siku zikaenda. Ikafika Jumapili ya kumuaga Jesca.

Watu walikuja wote, wa jumuiya na wa ukoo. Kulikuwa na wali, kulikuwa na mbuzi, na kulikuwa na jambo ambalo Agustino hakulitegemea. Andrea, kaka yake Martina, aliyekuwa anafanya kazi kiwandani mjini, alipanda na lori la kukodi akiwa na televisheni, deki ya video na jenereta. Mjomba mtu hawezi kumuaga mpwa wake mikono mitupu. Na kwa kuwa alisikia wenzake wote kiwandani wanazungumzia ule mchezo wa tajiri mwenye wake wawili, alikuwa ameurekodi kwenye mkanda, ili na watu wa mlimani waone kinachopendwa mjini.

"Shemeji," Agustino alimwambia, "hiyo jenereta si itawasumbua wazee kwa kelele?"

"Wazee ndio waliobeba jenereta," alisema Andrea.

"Na mafuta?"

"Nimekuja na dumu zima. Kaa, shemeji, leo upumzike."

Televisheni ikawekwa uani juu ya meza, ikafunikwa blanketi juu na ubavuni ili jua lisiizime. Watu walikaa kwenye mikeka na magogo. Bibi Judith aliletewa kiti cha kamba, na pembeni yake, juu ya kigoda, malaika katika kanzu yake iliyofuliwa, maana kwenye siku kama ile asingeachwa ndani peke yake. Jesca alikaa chini, miguuni mwa bibi yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Agustino alisimama nyuma kabisa, karibu na banda la mbuzi.

Walicheka walipoona tajiri anadanganya. Walisikitika mke mdogo alipolia. Halafu kikaja chumba cha mtoto, ikaja rafu, na mtoto wa tajiri akanyoosha mkono.

"Jamani," mama mmoja akasema polepole. "Si Mikaeli yule?"

"Simamisha," Bibi Judith alimwambia mwanawe.

Andrea akabonyeza deki. Picha ikasimama ikitetemeka: mtoto, kaptura, na mkononi, ameshikwa mguu, kichwa kinaning'inia, malaika bila kanzu. Mapaja wazi. Kila mtu akatazama kwenye kioo, halafu kwenye kigoda, halafu kwenye kioo tena. Agustino alishika ukuta wa banda. Alisema moyoni, haya, yamekwisha.

Hayakuisha. Mzee mmoja wa jumuiya alisimama, akajikohoza, akasema kwamba watu wa Dar siku hizi hawana adabu, wanachukua watakatifu wa watu na kuwapa watoto wachezee. Mwingine akasema wamemwiga, ni wazi wamemwiga, maana hata nguo wameshindwa kumshonea. Wakaanza kugombea kusema. Wapo waliotaka barua iandikwe kwa askofu. Kila neno lililosemwa lilikuwa linamfunika Agustino vizuri zaidi, kama mtu anayefunikwa majani ya mgomba asilowe. Alikuwa amepona, hakuna hata mmoja aliyemtilia shaka. Na nasema ukweli, alifurahi.

Kisha akamtazama Jesca. Jesca hakuwa anatazama televisheni wala kigoda. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe iliyolala mapajani, haina sindano wala uzi, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kwenye foleni. Keshokutwa mikono hiyo itakuwa imeshapewa kazi na watu wengine. Kabla Agustino hajapata muda wa kujizuia, akajikuta anapita katikati ya mikeka, anaruka miguu ya watu.

Alifika kwenye kigoda. Akamchukua malaika. Akaivuta ile kanzu juu, mbele ya watu wote, na Martina akaziba mdomo kwa kanga.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimtazama mama mkwe wake machoni. Yalikuwa macho madogo, mekundu kwa moshi wa jikoni. "Huyu si Mikaeli. Nilimkuta kwenye mfuko wa koti la mtumba. Ni mdoli wa mtoto. Hapa ana kitufe."

Akabonyeza. Tak.

Jenereta iliendelea kunguruma nyuma ya nyumba. Bibi Judith alinyoosha mkono, akapewa. Alimgeuza, akatafuta kwa kidole gumba mahali pale kati ya mabawa, akabonyeza mwenyewe. Tak. Akabonyeza tena.

"Kumbe siku ile," alisema, "ni kidole changu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni."

"Nilikuwa nimesimama mlangoni."

Kama angemfukuza, Agustino alikuwa tayari. Alishapanga hata njia ya kupita kwenda Matombo. Lakini mama huyo alikaa, mdoli mapajani, akiishusha ile kanzu taratibu kufunika yale mapaja, pengine kwa mazoea tu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imechoka, lakini haikuwa na hasira.

"Nilitoa nadhiri kwa sababu nilijibiwa," alisema. "Kama sikujibiwa, basi nilikuwa naongea peke yangu. Mungu hawezi kunidai maneno niliyoongea na kidole changu. Padri nitamweleza mwenyewe." Akaweka mkono juu ya kitambaa cheupe cha mjukuu wake. "Jesca, mama yangu, ukitaka kubaki, baki. Hakuna atakayekugusa."

Watu waligeuka kumtazama msichana. Agustino naye alimtazama, na kifuani mwake kulikuwa na tumaini kubwa kiasi kwamba lilimuuma. Alikuwa amelipa bei yake, hata kama kwa kuchelewa. Mtoto sasa atalia, atacheka, atamkimbilia.

Jesca alisimama, akakung'uta majani kwenye sketi.

"Baba," alisema. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo," alisema Agustino. "Tangu kwenye lori."

"Mwaka jana, tulipokuwa tunavuna viazi kwenye tuta la juu, nilikuambia sitaki kwenda. Unakumbuka?"

Alijaribu kukumbuka. Kulikuwa na viazi, kulikuwa na ukungu. Mtoto alikuwa amesimama karibu na gunia, akasema kitu, akalia kidogo. Yeye alikuwa na haraka, lori lilikuwa linapiga honi kule chini.

"Uliniambia nimwombe Mikaeli," Jesca alisema. "Ukasema, mwombe yeye, akitaka atakuachia. Basi nikamwomba. Niliamka kabla ya bibi kila siku, tangu mwezi wa pili mpaka kipupwe, nikapiga magoti pale mezani. Nilimwambia kila kitu. Mpaka fundi cherehani akaleta habari kwamba amempata mwanafunzi mwingine, ndipo nikajua amekataa. Nikaacha kuomba. Nikaanza kujizoeza kutaka kwenda."

Agustino alikuwa amelisahau neno hilo kabisa. Lilimtoka siku ile kama linavyomtoka mtu neno la kumwondoa mtoto njiani, na lori likaondoka na viazi.

"Nimeshajizoeza," Jesca alisema. Hakuwa analia. Heri angelia. "Nitakwenda, bibi. Huko sijui kama watanidanganya. Hapa najua."

Andrea alizima jenereta. Picha ya mtoto wa tajiri ikajikusanya katikati ya kioo, ikawa nukta, ikapotea. Baadhi ya watu walianza kukunja mikeka, na mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama nyama iliyobaki igawiwe sasa au baadaye.

Hakuna aliyemfukuza Agustino. Jioni ile Bibi Judith alimtengea chakula chake kama siku zote, kwenye sahani yake ileile, na kuuliza kupitia kwa Martina kama chumvi imetosha. Alisema imetosha. Matuta yalibaki yake kuyalima, mwaka huo na miaka mingine yote aliyoweza kuihesabu, mpaka mgongo ukatae. Alichokuwa anakiogopa kwa miaka kumi hakikutokea, na alikula akiwa ameinamisha kichwa.

Jumatatu alfajiri lori lilikuwa na kabichi, na kwa kuwa hapakuwa na gari lingine, Jesca aliteremka nalo. Alikaa mbele na dereva, sanduku lake miguuni. Agustino alikaa nyuma juu ya mzigo, na katika kona zote zile za mlima, tangu juu mpaka Mzumbe, aliweza kuona kupitia kidirisha cha nyuma kitambaa cheupe cha kichwa chake. Hakikugeuka. Alijitungia maneno ya kumwambia watakapofika. Alipata manne mazuri, akayarudiarudia asiyasahau.

Walimshusha Bigwa, kwenye njia ya kuingilia kwa masista. Agustino aliruka chini, akampokea sanduku, akalishika mpaka ikabidi alitoe. Asubuhi ile nyumbani walikuwa wameshaamkiana, mbele ya mama yake na bibi yake, kama inavyotakiwa. Kilichobaki kilikuwa kuagana tu.

Jesca alilichukua sanduku kwa mkono wa kushoto. Akainama kidogo, kwa adabu, kama unavyomwinamia mzee usiyemfahamu unayepishana naye njiani.

"Shikamoo," alisema.

Yale maneno manne yakamkwama. Lilipatikana moja tu, lile ambalo kila mtu hujibu.

"Marahaba," alisema Agustino.